Bastola Aliyonipa Suud

Sidab, Ijumaa, 10 Novemba 1967

Leo Suud kanipa bastola.

Nilikuwa nimekaa barazani nikishona mkanda wa bunduki. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imepita punde na vumbi la uchochoroni limelala. Akatoka ndani na kitu kimeviringwa kwenye kanga kuukuu ya mama yake, akakiweka mapajani pangu kama mtu anayekupa kikombe cha kahawa. Kufungua, ni bastola ya Kiingereza ya gurudumu, mpini umechubuka lakini mtutu safi, pamoja na ala yake ya ngozi.

Nikamwuliza ya nini, na bunduki ninayo. Akasema milima ya nyuma ya Qantab ina chui, na bunduki zetu ni za risasi moja moja. Ukishapiga, mpaka uifungue na kutia nyingine, mnyama keshafika. Tena mahali pembamba bunduki ndefu haigeuki.

"Hii si ya kuwindia," akasema. "Hii ni ya pale mnyama yuko juu yako na huna pa kwenda."

Nilimshukuru. Ningefanya nini tena? Nyumba ni yake. Mke wangu, Mahfoudha, ni binti wa mjomba wake, na kwa ajili ya damu hiyo alitupokea tulipofika kutoka Unguja hatuna hata godoro. Mimi niliyekuwa karani wa bandari sijapata kazi Maskati mpaka leo. Sisi tuliotoka kule tunatazamwa kwa pembe ya jicho; haijulikani tumekuja na fikra gani. Nyama ninayoleta kutoka mlimani ndiyo inayonipa uso wa kukaa kwenye sinia la watu.

Lakini tangu alasiri neno moja linanizunguka. Mtu wa hapa akionekana na bunduki begani, hakuna anayegeuka. Mtu wa Unguja akikutwa na bastola kiunoni, huyo ni wa kupelekwa ngomeni kufungwa. Suud analijua hilo kuliko mimi. Basi kwa nini kanipa?

Jumamosi, 11 Novemba

Mahfoudha kasema, "Suud kakupa ile kwa kukupenda." Mimi nilikuwa sijamwambia kuwa nimepewa. Nilipomwuliza kajuaje, akajibu shangazi yake, mama yake Suud, kamwambia. Labda.

Jumanne, 14 Novemba

Bi Masouda, mama yake Suud, alikuwa akichambua mchele uani, nami nikimpasulia kuni. Ni mama mwenye moyo mweupe, neno likimjia hulitoa. Akaanza kusimulia habari za Wete, walivyoishi Pemba kabla mumewe hajawarudisha huku, Suud akiwa kijana wa kuanza ndevu. Katikati ya hayo akasema kwamba Mahfoudha alipokuwa mtoto wazee walikwishakubaliana aolewe na Suud. Baadaye bahari ikawa kubwa, kaka yake Bi Masouda, baba yake Mahfoudha, akampa binti mtu wa karibu.

"Huyo mtu ndiye wewe," akasema, akacheka.

Nami nikacheka. Suud alioa hapa, mkewe akafa na uzazi, na hajaoa tena. Hili la pili nilikuwa nalijua. La kwanza, katika miaka yote ya ndoa yetu, Mahfoudha hakulitaja hata siku moja.

Ijumaa, 17 Novemba

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri tukashika njia ya juu ya kwenda Qantab. Hewa baridi, majabali bado yana umajimaji wa mvua. Suud akanifundisha namna ya kuvaa bastola: isikae mbele ikakuchoma tumbo unapoinama, wala nyuma ukashindwa kuifikia; ikae ubavuni kushoto, mpini umeelekea mbele, mkono wa kulia uipate hata umeanguka chali. Tundu moja la gurudumu liachwe tupu, lile lililo chini ya nyundo, maana ukianguka majabalini inaweza kujilia yenyewe. Kila jioni ifutwe na mafuta ya cherehani, kwani hewa ya pwani hula chuma.

Akasema pia kwamba chui wa huku humkimbia mtu. Ukimwona, usimpe mgongo wala usimkimbie. Piga kelele, rusha jiwe, mwachie njia. Bastola ni ya mwisho kabisa.

Nikataka kuijaribu. Tukasimama bondeni, nikalenga jiwe jeupe, nikavuta. Ikalia tik. Nikavuta tena, ya pili ikalia sawasawa na jiwe likaruka.

Suud akasema risasi ni za zamani, zimekaa sandukuni miaka mingi, atatafuta mpya. Akaitoa ile iliyokataa akaitupa. Nikamtazama usoni. Hakuwa na wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi mimi.

Jambo jingine. Njia nzima alinitanguliza. Mimi nisiyeijua njia nilikuwa mbele, yeye anayeijua nyuma yangu, na bunduki yake imejaa. Mara mbili nilisimama nikampisha, na mara zote mbili akasema, "Pita wewe, shemegi."

Tulipata mbuzi mwitu mmoja, dume. Nilimpiga mimi.

Jumapili, 19 Novemba

Upepo wa vumbi. Bi Masouda kapika mbuzi kwa ndimu kavu. Wote wamesifu.

Ijumaa, 24 Novemba

Tumekwenda tena. Juu ya bonde lile la kwanza nilikuwa nikipanda kwa mikono na miguu pale jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe lilipoporomoka likapita karibu na bega langu. Nilipotazama, Suud hakuwa nyuma tena. Alikuwa amezunguka kwa upande wa juu. Akapaza sauti kuuliza kama nimeumia. Akasema alikwenda kutazama alama.

Alama zenyewe akanionyesha: nyayo za chui kwenye mchanga wenye unyevu, pana, hazina kucha. Akasema ni mkubwa, na zamani alikuwa hashuki mpaka hapa.

Nikamwambia kwetu Unguja chui haji hivi hivi. Kuna watu huwafuga, huwatuma kwa yule wanayemtaka. Akila mbuzi wako watu huuliza umegombana na nani. Suud alikulia Pemba, anayajua maneno hayo. Akatabasamu.

"Huku chui ni mnyama tu, Majid. Hana mtu."

Alilitaja jina langu. Siku zote huniita shemegi.

Jumatatu, 27 Novemba

Sikutoka. Mahfoudha kaniuliza mbona silali vizuri. Nikamwambia ni baridi.

Jumapili, 3 Desemba

Ramadhani imeingia. Kuwinda tumesimamisha mpaka Idi. Nimefurahi zaidi ya inavyostahili.

Alhamisi, 7 Desemba

Mahfoudha keshakuwa hodari wa Kiarabu cha hapa. Mimi kikisemwa haraka kinaniponyoka. Leo kabla ya kufuturu walikuwa uani, yeye akikaanga sambusa, Suud kasimama kwenye kizingiti, wakizungumza kwa sauti ya chini. Nilipoingia wakanyamaza. Baadaye Suud akageuza kwa Kiswahili, akauliza tutapata uji wa aina gani.

Nikamwuliza Mahfoudha walikuwa wakisema nini. "Mambo ya nyumba," akanijibu, akanitazama kwa muda. "Majid, unaniuliza nini hasa?"

Sikuweza kumwambia. Siku za vurugu Unguja ndugu yangu Thani alionyeshwa kwa wenye silaha, kwa kidole, na jirani aliyekunywa kahawa barazani petu jana yake. Mtu yule alikuwa akimwita Thani mwanangu. Tangu hapo mtu akinifanyia wema najiuliza kesho atanyoosha kidole upande gani. Mahfoudha analijua hili. Ndiyo maana hakuuliza mara ya pili.

Jumatano, 13 Desemba

Mvua kubwa, wadi, lile bonde kavu la hapa, imeshuka maji. Maji ya rangi ya chai yamepita mlangoni, yamechukua banda la kuku la jirani.

Jumamosi, 16 Desemba

Habari imeenea Sidab kwamba askari wamepekua nyumba ya watu waliotoka Unguja huko Matrah, wakitafuta silaha. Mwenye nyumba amechukuliwa. Hakuna anayejua kosa.

Bastola yangu iko ndani ya mfuko wa mchele, chini ya kitanda. Kila mtu anapobisha hodi natazama kwanza chini ya kitanda.

Jumatatu, 18 Desemba

Siku hii niiandike kama ilivyokwenda.

Asubuhi nilikwenda mjini kununua mafuta ya taa. Nilipokaribia lango dogo la mji nilimwona Suud, ambaye saa ile alipaswa kuwa dukani kwake sokoni akiuza ndimu kavu na tende. Alikuwa amesimama kivulini na mkubwa wa askari wa lango, wamekaribiana kama watu wenye siri. Suud akaonyesha kwa mkono upande wa Sidab. Askari akaitikia kwa kichwa. Kisha Suud akaweka mkono ubavuni kwake kushoto, mahali pale pale alipoonyesha niivae bastola.

Sikufika sokoni. Niligeuka nikarudi. Nikafikiri yote kwa pamoja: risasi iliyokataa, jiwe lililoporomoka, kunitanguliza mimi, kunong'ona uani, maneno ya Bi Masouda. Nikaona kama mlango uliofunguka. Si lazima aniue. Askari watanichukua, nyumba itabaki na Mahfoudha, na yeye atakuwa ndugu mwema aliyemsitiri.

Mahfoudha alikuwa kwa jirani. Niliichukua bastola bila ala yake, pamoja na risasi, nikazitia kikapuni, juu nikaweka kitambaa kama mtu aendaye kununua samaki, nikapita nyuma ya nyumba za wavuvi mpaka kwenye majabali ya ufukweni. Hapakuwa na mtu. Nikazitupa baharini, mbali kadiri ya mkono wangu. Kina chake pale ni kirefu na maji yalikuwa machafu kwa ile wadi.

Nilirudi nimetulia. Nilikaa barazani nikingoja askari, nikifikiri waje tu, wapekue.

Hawakuja. Akaja Suud, karibu na magharibi, uso umekunjuka. Akakaa pembeni yangu tukisubiri adhana. Akasema amekuwa na dhiki tangu habari ya Matrah, basi leo ameacha duka akaenda kwa mkubwa wa lango, mtu anayejuana naye tangu ujanani, akamweleza kwamba nyumbani kwake yupo shemegi yake, mtu wa kuwinda, na kwamba huvaa bastola kiunoni anapokwenda mlimani kwa sababu ya chui, nayo ni mali ya Suud mwenyewe. Mkubwa yule kakubali. Amesema hakuna atakayenigusa.

"Sasa ivae bila khofu," akasema. "Na risasi mpya nimepata."

Adhana ikalia. Alinipa tende mkononi. Sikumbuki kama niliitia kinywani.

Jumanne, 19 Desemba

Huenda ni kweli. Huenda pia ananipima, aone kama ninayo. Watu wa lango sasa wanajua jina langu. Jambo hilo lina pande mbili.

Jumanne, 2 Januari 1968

Idi. Nguo mpya, halua, wageni. Suud kanikumbatia mbele za watu akasema mimi ni mkono wake wa kulia mlimani.

Jumamosi, 6 Januari

Nimechonga kipande cha mti kwa umbo la mpini, nimekipaka masizi na mafuta, nimekitia ndani ya ala na kuifunga kifuniko. Kwa mbali hutambui. Risasi mpya alizonipa nimezipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 12 Januari

Nimesema naumwa tumbo. Hatukutoka.

Ijumaa, 19 Januari

Nimesema naumwa mgongo. Suud akanitazama, akaenda kumwambia mama yake anichemshie mafuta ya kuchua. Bi Masouda kanichua mwenyewe, huku akinisomea dua.

Jumatano, 24 Januari

Mahfoudha ana mimba. Hayo ndiyo waliyokuwa wakinong'ona, yeye na Suud: alikuwa akimwomba amtafutie mkunga wa kuaminika, naye hakutaka nijue mapema, kwa kuwa za kwanza mbili ziliharibika na mimi nilihuzunika mno. Alinieleza huku akilia na kucheka.

Nilifurahi. Halafu likanijia wazo moja ambalo sitaliandika hapa. Lilipita upesi, lakini lilipita.

Ijumaa, 2 Februari

Tumekwenda mlimani, mimi na kipande changu cha mti. Hatukuona kitu. Nilitembea siku nzima mkono wangu ukifunika ala. Suud akadhani ni uhodari.

Jumanne, 6 Februari

Watu wa Qantab wameliwa mbuzi na chui, tena zizini, karibu na nyumba. Wamemtumia Suud salamu. Amesema Ijumaa tutakwenda. Nilitaka kumwambia. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikasikia anakohoa, nikarudi.

Jumatatu, 12 Februari

Naandika leo kwa sababu tangu Ijumaa mkono wangu haukushika kalamu.

Tulifika Qantab asubuhi. Mbingu nzito, upepo wa kaskazini. Mchungaji mmoja, mzee Sleyum, akatuonyesha upande alikokwenda yule chui, yeye akabaki na mbuzi wake. Tulipanda sisi wawili. Suud, kama desturi, nyuma.

Karibu na adhuhuri tuliona mbuzi mwitu wanne kwenye ukingo. Nilipiga mmoja, akaporomoka akaingia kwenye ufa kati ya majabali mawili, ufa mrefu na mwembamba, mtu hupita kwa ubavu. Nilitia risasi nyingine, nikaivaa bunduki mgongoni kwani pale mikono yote ilihitajika. Suud akasimama kwenye mdomo wa ufa akanusa.

"Hapa pana harufu yake," akasema. "Kama ungekuwa huna bastola ningesema tumwache huyo mbuzi."

Haya ni maneno yake, neno kwa neno. Akanitazama akingoja. Ningeweza kusema wakati ule. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema. Nikafikiri, chui keshakwenda zake. Nikafikiri, nikimwambia sasa hapa, peke yetu, atanifanya nini? Hata pale, nilikuwa bado namwogopa yeye.

"Twende," nikasema.

Tukaingia. Mbuzi alikuwa amelala chini, koo tayari limeshatafunwa. Damu mbichi. Nilipoinama kumtazama nikasikia nyuma yangu mlio kama wa msumeno, kisha kishindo, na Suud akaanguka. Chui alikuwa juu ya jiwe, ametuacha tupite, akamrukia yeye. Alimkamata mkono wa kulia, ule aliouinua kukinga shingo, na kucha za nyuma zilikuwa zikimchana mapaja.

Bunduki yangu haikugeuka. Ilikwama kati ya kuta mbili, kama alivyoniambia tangu siku ya kwanza.

"Bastola!" Suud akaita. "Majid, bastola!"

Mkono wangu ukaenda. Wallahi, ulikwenda wenyewe, ukafungua kifuniko, ukatoa kipande cha mti. Nikakitazama.

Sijui nilikitazama kwa muda gani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Kisha nikakitupa nikamwangukia yule mnyama kwa jiwe, nikampiga kichwani na usoni, nikipiga kelele maneno nisiyoyajua. Aligeuka akanitazama kwa macho ya manjano, pumzi yake inanuka, akamwachia. Akapita juu ya mabega yangu akatoka kwenye ufa. Ninazo alama zake mgongoni, si za kutisha.

Uso wa Suud ulikuwa umeelekea ardhini muda wote ule. Hakuona nilichotoa.

Nilimfunga mkono kwa kilemba changu, nikambeba, nikamburura, nikambeba tena. Mzee Sleyum alitusikia akaja na watu. Mmoja wao akaiona ala yangu ikining'inia wazi, tupu, akauliza bastola haikulia? Nikajibu ilikataa, nikaiacha kulekule. Suud alikuwa amefumba macho juu ya machela ya miti. Akayafumbua, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo.

Walimpeleka kwa mashua mpaka hospitali ya Matrah. Mkono umekatwa juu ya kiwiko.

Mzee Sleyum, tulipokuwa tukiosha damu pwani, alinisifu kwamba nimempiga chui kwa jiwe. Kisha akasema Suud yamempata kwa sababu ya pale aliposimama. Chui humfuata mtu kutoka nyuma, akasema. Ndiyo maana mwenye kuujua mlima huwa wa mwisho, na mgeni hutangulizwa.

Jumatano, 14 Februari

Homa ya Suud iko juu. Bi Masouda hali wala hanywi. Watu wa Sidab wananisimamisha njiani kunipa mkono.

Ijumaa, 16 Februari

Homa imeshuka kidogo. Mahfoudha kaniuliza bastola iko wapi, nikamwambia imebaki mlimani. Hakuuliza zaidi. Lakini yeye ndiye anayetandika kitanda chetu, na mfuko wa mchele haukuwa na uzito tangu Ramadhani.

Jumapili, 18 Februari

Mvua nyembamba. Nimekaa naye hospitalini siku nzima, amelala.

Alhamisi, 22 Februari

Leo Suud alikuwa na akili zake zote. Alikaa, ameegemea mto, uso mdogo, ndevu zimemtoka ovyo. Bi Masouda na Mahfoudha walikwenda kusali, tukabaki sisi.

Akaniambia jambo ambalo anasema limemkaa moyoni tangu siku ile. Anataka nimsamehe. Alinipa chombo kibovu. Aliiona mwenyewe ikikataa risasi siku ya kwanza, na badala ya kuitupa akasema ni risasi za zamani. Angeweza kunifanya niuawe mle ndani, na Mahfoudha ana mtoto tumboni, naye angejibu nini mbele ya Mungu?

"Nnaomba uende na mzee Sleyum mkaitafute," akasema. "Nataka ivunjwe. Isije ikamdanganya mtu mwengine."

Nilikaa nikitazama shuka pale mkono wake ulipoishia. Nilikuwa na njia ya kutokea. Ningesema tumeitafuta hatukuiona, na hapo jambo lingekwisha, na ningebaki mimi ni shujaa naye ni mwenye kosa mpaka tufe.

Nikamwambia. Nilianza na majabali ya Sidab na kikapu, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa gumu, kisha mengine yakafuata: kipande cha mti, mkubwa wa lango, jiwe lililoporomoka, kunitanguliza, kunong'ona uani. Nilimwambia hata lile ambalo sikuliandika. Alisikiliza bila kunikatiza. Mahali pamoja tu alifumba macho, niliposema kwamba mlangoni mwa ufa nilikuwa namwogopa yeye kuliko chui.

Nilimaliza. Nje muuza maji alikuwa akipita na punda wake.

"Mahfoudha nilimtaka," akasema hatimaye. "Kweli. Nilipokuwa kijana. Kisha akaolewa na wewe, nami nikaoa, nikazika. Ungeniuliza, Majid. Ningekujibu."

Nikasema najua.

"Hujui. Ungelijua ungeniuliza."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani amelala, nikainuka nitoke. Akasema, bila kugeuka, kwamba tukae pale nyumbani mpaka Mahfoudha ajifungue, kwa ajili yake na kwa ajili ya mama. Baada ya hapo nitafute pangu. Mama asiambiwe. Watu wa Sidab waachwe na hadithi yao. Yeye hana haja ya kwenda nyumba kwa nyumba kuibadilisha.

Nikasema ahsante, neno dogo lisilofaa kitu.

Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Akaomba maji. Nikamimina kwenye kikombe kutoka kwenye mtungi uliokuwa dirishani, nikampelekea, nikainua kichwa chake kwa mkono wangu kama nilivyofanya siku zote hizi. Safari hii hakufungua kinywa. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, wala hakuwa akifanya mzaha.

"Kunywa wewe kwanza," akasema.

Nikanywa. Akangoja mpaka nimemeza, na baada ya hapo akangoja tena kidogo. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto akakichukua.